Jibu: Kuchora fremu ya mashine wakati mota na beringi umeshanunua

Mkuu, umesema mota ya kilowati 1.5 na beringi za UCP205 unazo tayari, mashine ni ya kupukuchua mahindi, na unauliza kama pleti na fremu uzichore kila moja peke yake au humo humo ndani ya asembli, yaani faili linalounganisha vipande vyote vya mashine. Kazi hizi nazifanya kwenye programu ya kuchorea ya SolidWorks, siku hizi na FreeCAD pia. Chora ndani ya asembli, ila uwe mchoyo wa kuazima, yaani kufanya kipande kimoja kichukue vipimo vyake kwenye kingo au matundu ya kingine.

Ukifungua pleti mpya ndani ya asembli, unabofya tundu la mguu wa mota na duara linajichora lenyewe. Raha tupu, mpaka mteja abadili mawazo. Niliwahi kuletewa faili nirekebishe: mota ilikuwa ya fremu 90L (hiyo ni saizi ya umbo la mota, siyo fremu ya mashine), mteja sasa anataka kilowati 2.2, yaani 100L. Mchoraji wa kwanza aliazima kila kitu, matundu, kingo za miguu, hadi mviringo wa kifuniko cha feni! Mota ya zamani ilipotoka, kingo zote zilizoshikiwa zikatoka nayo. Orodha nzima ya hatua za mchoro ikawa makosa.

Mimi naanza na faili la mifupa: mistari mitupu, hakuna unene. Kwa 90L naandika, kwa milimita, matundu ya miguu 140 kwa 125, kimo cha shafti 90, na 56 kutoka bega la shafti hadi tundu la kwanza. Kwa UCP205, kimo cha shafti 36.5 na umbali kati ya matundu 105. Pleti inaazima kwenye mifupa, mota nayo inafungwa kwenye mifupa hiyo hiyo. Ikija 100L nabadili namba nne tu: 160, 140, 100 na 63. Puli ndiyo itachongwa upya, maana kipenyo cha shafti kinatoka 24 kwenda 28.

Hayo ni ya vitabuni, kwa hiyo pima mota yako kwa vernia kabla hujaamini modeli ya kupakua. Na matundu ya pleti usiyafanye duara. Yafanye marefu kuelekea upande wa kuvuta mkanda, la sivyo ukilegea utaukaza na nini? Acha pia nafasi ya spana na ya kufungua boksi la nyaya. Programu haitakukumbusha hilo.

Kwenye SolidWorks, alama -> baada ya jina la kipande ni deni, yaani kimeazima kwenye faili jingine. Ukiona ->? ujue chanzo hakijafunguliwa. Kabla ya kumpelekea mkataji, funga marejeo (hayo maazimo), yatakuwa ->*. Usiyavunje, ukishavunja huyarudishi. Kwenye FreeCAD kuazima ni kwa zana iitwayo SubShapeBinder, na tangu toleo la 1.0 la mwaka 2024 asembli imo ndani yake, viongezi vya zamani achana navyo.

Ukishapima, weka vipimo hapa pamoja na kipenyo cha puli zako, tukadirie urefu wa hayo matundu.