"Sanction": kuidhinisha au kuadhibu?

Swali: Ninatafsiri muhtasari wa kikao cha bodi ya kampuni. Umo mstari usemao "The board sanctioned the payment". Kwenye habari nimezoea kusikia "sanctions" kwa maana ya vikwazo. Je, bodi iliyaruhusu malipo au iliyazuia? Na iweje neno moja libebe maana mbili zinazopingana?

Jibu: Iliyaruhusu. Andika "Bodi iliidhinisha malipo hayo" bila wasiwasi. Umefanya vema kusita, maana ungeandika "iliyazuia" ungekuwa umeugeuza uamuzi wa bodi juu chini, na sentensi yako ya Kiswahili isingeonyesha dosari yoyote. Katika kazi ya tafsiri hakuna kosa ninalolihofia kuliko hilo linalosomeka vizuri.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "sancire", yaani kulitia jambo utakatifu au nguvu ya sheria ili lisivunjwe. Ukoo wake ni mmoja na "saint" na "sanctuary". Kwa wanasheria wa Kirumi, "sanctio" ilikuwa sehemu ya sheria inayotaja adhabu ya atakayeikiuka. Institutes, kitabu cha kufundishia sheria cha Justinian, mfalme wa Roma, kilichotolewa mwaka 533, kinalieleza hilo waziwazi. Kwa hiyo tangu mwanzo neno lilishika mambo mawili kwa pamoja: sheria kupata nguvu, na adhabu inayoilinda. Kiingereza kililipokea kwanza kama nomino, na polepole pande hizo mbili zikaachana. Kitenzi cha kuidhinisha kilizoeleka katika karne ya 18. Kitenzi cha kuadhibu ni cha karne ya 20, ndiyo maana hadi leo wapo wahariri wasiokipenda.

Maana ya vikwazo ilishika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1935 Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo vya kiuchumi kwa kuivamia Ethiopia, na wingi "sanctions" ukawa msamiati wa kila siku magazetini. Ajabu ni kwamba Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo msingi wa vikwazo vya Baraza la Usalama, hailitumii neno hilo. Inasema "measures", hatua.

Sasa utazitofautishaje? Ukikuta kitenzi, tazama kinachotendwa. Kikiwa tendo au mpango, kama malipo, safari, mkopo au ujenzi, karibu kila mara ni kuidhinisha. Akiwa mtu, kampuni au nchi, ni kuadhibu au kuwekea vikwazo: "The regulator sanctioned the bank" ni "Mdhibiti aliiadhibu benki". Sentensi mbili, kitenzi kilekile, na kilichobadilika ni yambwa (kinachotendwa) tu.

Kwa nomino, sikiliza maneno jirani. "Impose", "lift" na "ease" huandamana na vikwazo. "Without the sanction of the court" ni bila idhini ya mahakama. Wingi nao hukusaidia, kwani "sanctions" ni vikwazo au adhabu kwa kawaida, ila usiuchukue umoja kuwa ni idhini moja kwa moja: "criminal sanction" ni adhabu ya jinai ingawa ni umoja.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika Kiingereza, hasa mkataba au barua ya kikazi, liepuke kitenzi hiki kabisa. Andika "approve" au "authorise" unapoidhinisha, na "penalise" unapoadhibu. Na ukikuta muktadha haukupi jibu, mathalani "The committee sanctioned his conduct", usibahatishe. Muulize mwenye waraka, kwa kuwa hapo kamati huenda ilimbariki bwana huyo, au ilimwadhibu.