Maswali yenu kuhusu kachumbari na sukari

Dada, kachumbari nakula kila siku na sukari bado inapanda, kwani inasaidia kweli?

Inasaidia, ila sio vile vijiko viwili vya urembo pembeni ya pilau jamani. Anza na bakuli zima la kachumbari pamoja na samaki au kuku wako, kaa kama dakika kumi hivi ndo uvute wali. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell kule New York waliwapa watu 11 wenye kisukari aina ya 2 mlo uleule siku mbili tofauti, siku moja wakaanza na mkate na juisi ya machungwa, siku nyingine wakaanza na saladi na kuku, na siku hiyo sukari ya saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja. Watu wachache sawa, lakini chakula hakikubadilika, kilichobadilika ni kipi kianze. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia chakula kinachelewa kutoka tumboni, kwahiyo sukari inaingia kwenye damu polepole. Sasa ukimaliza bakuli afu ukarudi kwenye mlima uleule wa wali hapo umejiongezea shibe tu, wali lazima upungue.

Na saladi ya matunda je?

Ihesabu kama kitu kitamu, sio mboga. Embe, ndizi mbivu, nanasi, na wengine mnamwagia maziwa ya kopo juu, aah! Kibakuli kidogo baada ya chakula kinatosha. Parachichi lenyewe halina neno, sukari yake ndogo sana, katia nusu kwenye kachumbari.

Baba anachoma insulini, anataka usiku awe anakula saladi tupu apungue mwili. Ni sawa?

Hapana, asianze kabla hajaongea na daktari wake. Insulini, na hata vidonge vya kisukari kama glibenclamide, vinashusha sukari hata kama mtu hajala wanga, na nyanya na tango haziwezi kuishikilia, atashtuka usiku anatetemeka na jasho linamtoka, au asishtuke kabisa. Kwenye hiyo saladi atie maharage au dengu, yai, na kipande cha kiazi kitamu pembeni. Akipima akakuta sukari iko chini ya 3.9 mmol/L saladi aiweke kando, anywe nusu glasi ya soda yenye sukari (sio zile zisizo na sukari), apime tena baada ya dakika 15.

Karoti na bitiruti eti zina sukari?

Kidogo tu, tafuna. Juisi yake ndo uiogope.

Niweke mayonezi au siki?

Siki au ndimu, siki inapunguza kidogo ule mpando wa sukari, ila usiinywe kavukavu. Mayonezi ni mafuta mengi tu, na sosi za chupa soma nyuma maana nyingi zina sukari. Na nyie mnaotia kijiko cha sukari eti kuua ukali wa kitunguu, kifikicheni na chumvi, suuzeni, kamueni, ukali wote unatoka.