Kwa mama wa kijana wa selimundu aliyeacha kumeza dawa

Dada, umeeleza kwamba kijana wako wa miaka 16 mwenye selimundu hasemi na mtu tangu alipotoka wodini, kwamba vidonge vyake vya haidroksiyurea umevikuta chini ya godoro, na kwamba baba yake anasema ni jeuri ya umri na anataka aachishwe shule mwaka mzima apumzike. Mimi nimezaliwa na ugonjwa huohuo. Nimekulia Mwanza, nimeshavuka miaka thelathini, na ninafanya kazi ya uhasibu. Katika maelezo yako sioni jeuri. Naona kijana aliyekata tamaa, na hilo nalo linataka tiba kama yanavyotaka maumivu yake.

Maumivu unayajua, umekesha nayo. Seli nyekundu zinajipinda, zinaziba mishipa midogo, na mfupa unaokosa damu unauma mpaka mtu anasahau jina lake. Lakini krisis, yaani kipindi hicho cha maumivu makali, huisha. Usioujua ni muda wa katikati, kusubiri inayofuata. Mvua ikikunyeshea unaogopa. Ukialikwa harusi ya mbali, kwanza unawaza hospitali ya huko ikoje. Hata siku unayoamka vizuri kabisa unaogopa, kwa sababu umeshazoea kwamba raha haikai. Hofu hii haionekani kwenye kipimo chochote cha damu, na ndiyo inayomfanya mtu ageukie ukutani wakati nyie mnashukuru kwamba amepona.

Halafu kuna maneno. "Hawa watoto hawafiki miaka ishirini." Nimeyasikia nikiwa kitandani, wageni wakidhani nimesinzia. Waliosema walikuwa wananihurumia. Lakini mtoto akishayabeba hayo, kidonge cha kila siku kinapoteza maana. Haidroksiyurea inafanya kazi polepole: inaongeza mwilini ile himoglobini ya uchangani, ambayo huzuia seli zisijipinde, na nafuu huonekana baada ya miezi, si siku mbili. Nani atavumilia miezi kama anaamini hana miaka? Kwa hiyo usianze na godoro. Muulize anadhani ataishi mpaka lini, kisha nyamaza umsikilize. Baada ya hapo mwambie ukweli, kwamba wapo watu wazima wengi wenye selimundu, wana kazi, wana ndoa, wana watoto. Mtafutie mmoja amwone kwa macho yake. Kliniki ya selimundu ukiuliza huwa hawakosekani, na kwangu mimi hicho ndicho kilichoanza kunifungua kifua.

Katika umri wake kuna mambo mengine ambayo hatakuambia. Ugonjwa huu huchelewesha kubalehe, kwa hiyo wenzake wameshaota sauti nzito na kurefuka, yeye bado anaitwa dogo. Macho ya manjano yanaulizwa kila siku. Wengine wetu tumekojoa kitandani mpaka ujanani, kwa sababu figo zetu hushindwa kupunguza maji kwenye mkojo, hivyo mkojo unakuwa mwingi. Mjomba au kaka mkubwa anayeaminika akimwambia kwamba haya ni ya ugonjwa na si udhaifu wake, atampunguzia mzigo mkubwa.

Hapa naomba uniwie radhi, naingia nyumbani kwako. Umeandika kwamba mumeo na ndugu zake wanasema ugonjwa umetoka ukoo wenu. Selimundu hairithiwi kwa mama peke yake. Mtoto mgonjwa amepokea vinasaba viwili vya ugonjwa, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa mgonjwa. Inasemekana watoto kama 11,000 huzaliwa nao kila mwaka Tanzania, koo ni nyingi mno hizo. Ninalitilia mkazo kwa sababu kijana anawasikia mkigombana usiku. Anachoelewa yeye ni kwamba kuzaliwa kwake ndilo kosa.

Sasa tiba. Uchovu wa damu kupungua na uchovu wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, vinafanana, ila angalia hivi: maumivu yakishaisha, bado anapenda vitu vyake? Kama alikuwa hakosi mechi ya Simba na sasa hata matokeo haulizi, hali wala halali vizuri, na imepita wiki mbili, hiyo huenda ni sonona. Mpeleke. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando zina idara ya magonjwa ya akili hapohapo, na daktari wa kliniki yake ndiye wa kumwandikia rufaa. Ndugu watasema unampeleka Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Waache waseme. Msongo wenyewe hubana mishipa ya damu na unaweza kumletea krisis, kwa hiyo kutibu moyo wake ni kutibu mifupa yake pia. Siku ya kliniki omba daktari azungumze naye peke yake, wewe ukae nje. Mbele yako atasema "niko sawa", maana hataki kukuongezea machozi.

Na swali gumu: muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, dawa zote za nyumbani zitunze wewe, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Maombi endeleeni nayo, mimi mwenyewe nasali. Lakini yeyote atakayewaambia mwache dawa kama ishara ya imani, msirudi kwake.

Kuhusu shule, namuunga mkono mumeo kwamba mtoto anahitaji kupumzika, ila mwaka mzima nyumbani utampa muda wa kusubiri krisis na kuona wenzake wakimwacha. Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa ukiwa na barua ya daktari. Omba aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda chooni bila kuuliza, avae sweta siku za baridi, asikimbizwe mchakamchaka, asichapwe fimbo, na akilazwa rafiki yake mmoja amwandikie notisi. Walimu wengi hukubali wakielezwa mapema. Jambo la vidonge pia, kama hana wazo la kujiua, mkabidhi yeye mwenyewe: achague saa ya kumeza, atunze kadi yake ya kliniki, na majibu ya damu daktari amsomee yeye kwanza.