Unga wa mbao umejaa karakana, tuupeleke wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina karakana ya samani hapa Langoni, Lamu. Tunachonga milango na vitanda vya mbambakofi na mvule, na tunaunda makabati ya plaiwudi. Kila wiki tunajaza magunia sita ya unga na maranda. Tukichoma, majirani wanalalamikia moshi. Juzi mjomba alimwaga gunia zima shambani, mahindi yakageuka manjano. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi mwenzangu. Nianze na mahindi ya mjomba: yalikosa chakula. Unga wa mbao una kaboni nyingi na nitrojeni haba mno, takriban sehemu 400 kwa moja. Vijidudu vinavyouozesha hujichukulia nitrojeni ya udongo, mmea ukabaki mikono mitupu. Kwa hiyo uozeshe kwanza uwe mboji. Mboji huanza vizuri ikiwa kama 30 kwa moja, basi mtafute mwenye punda. Tandika maranda wanapolala punda, maana mkojo wao una nitrojeni tele. Yakisha kulowa, yarundike pamoja na samadi na majani mabichi. Rundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na uligeuze kila wiki mbili. Tia mkono ndani: kukiwa na joto, bado linaoza. Baada ya miezi kadhaa litapoa, liwe jeusi, linukie udongo ulionyeshewa mvua. Hapo mjomba aje na gunia lake.

Lakini hayo ni kwa mbao safi tu, na hapa nakusihi usilegeze kamba. Gundi ya plaiwudi kwa kawaida ina fomaldihaidi. Unga wake usifike kwa punda, shambani wala jikoni. Mbao zenye vanishi ni vivyo hivyo, na zile za rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya mchwa ni mbaya zaidi: nyingi zina aseniki, nayo hubaki kwenye majivu. Fagia sakafu kabla ya kupasua plaiwudi, ufagie tena ukimaliza. Gunia likishachanganyika, lifunge liende jaani. Si motoni, si baharini.

Unga wa mvule huwasha ngozi na kifua. Isitoshe, tangu 1995 unga wa mbao umo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na vijana wako wavae barakoa za vumbi, leso haitoshi.

Vipande vya mbambakofi usivichome kabisa. Kipande cha futi moja na nusu kinatoa marufaa, kile kiweko cha kusomea msahafu: ubao mmoja unapasuliwa katikati ya unene wake, bawaba ikachongwa humo humo, bila msumari wala gundi. Vifupi vinatosha mtalawanda (kiatu cha mbao) au mwiko. Vipande vyote vipange ukutani kufuata urefu wake, na kijana asiguse ubao mpya kabla ya kutazama pale.