Maswali ya ribiti: bati jembamba halisamehe

Fundi, naunda RV-7, ndege ndogo ya kujiundia, gerejini kwangu. Ribiti ni zile pini fupi za kuunganisha mabati. Nikitumia za kuvuta (zinazobanwa kwa kuvuta msumari uliomo ndani) mwili mzima, si nitamaliza mapema?

Utamaliza, ila itakuwa ndege nyingine. RV-7 imepigiwa hesabu kwa ribiti za kugonga, pini imara zinazopondwa mwisho wa nyuma. Za kuvuta zina uwazi katikati, na nguvu yake hutegemea aina na kama msumari unabaki umebanwa ndani. Hizo za duka la vifaa vya ujenzi waachie wafunga mifereji ya maji. Sisemi kuvuta ni uzembe: RV-12 ya Van's Aircraft, waliobuni RV-7 yako, na CH 750 ya Zenith zilibuniwa kwa ribiti za kuvuta tangu mwanzo. Ukipenda kuvuta, nunua ndege ya kuvuta.

Ribiti za kichwa bapa: nichonge mdomo wa tundu au nibonyeze bati?

Pima unene kwanza. Kwa ribiti ya inchi 3/32, bati lisilofika inchi 0.032 halichongwi. Ukilichonga la 0.020, mkato unapita hadi upande wa pili, tundu linapanuka, na ukingo unabaki mkali kama wembe. Hapo ufa unangoja tu mtikisiko wa injini. Bonyeza kwa vyuma viwili, dume na jike, vya nyuzi 100. Bati halipotezi nyama, na mabati mawili yaliyobonyezwa hukaliana kama sahani kabatini, hivyo hayatelezi kirahisi. Lakini kwanza pitisha kidole kwenye tundu. Kikikwaruzwa, safisha ukingo. Bati hupasukia hapohapo linapobonyezwa.

Ribiti imelala upande kidogo. Niitoe?

Kichwa cha nyuma cha ribiti ya 3/32, kile kinachoundwa unapogonga, kiwe na upana wa kama mm 3.6 na kimo cha mm 1.2. Kama vipimo vipo, hakijapasuka na kimeegemea kidogo tu, kiache. Mimi zamani nilitoa ribiti ya namna hiyo kwa kiburi cha usafi, nikabaki na tundu lenye umbo la yai. Ikabidi nipanue, niweke ya 1/8.

Nagonga kwa nyundo ya upepo, mke wangu anashika chuma cha kuegemezea nyuma ya ribiti. Bati linabonyea. Kosa la nani?

Lako. Unafyatua kabla chuma chake hakijagusa ribiti. Usifyatue hadi aseme "tayari", na punguza upepo. Mpe vizibo vya masikio pia. Yeye ndiye aliye ndani ya ngoma.