Mtoto anasema "sinataka", kamfundisha nani? Skinner, Chomsky na wenzao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea ualimu wa watoto wadogo na nyumbani nina mtoto anakaribia miaka mitatu. Chuoni tumepewa mwanasaikolojia Skinner kwamba mtoto anajifunza lugha kwa kuiga na kusifiwa, afu mwanaisimu Chomsky kwamba anazaliwa nayo, afu Vygotsky na Bruner kwamba anajifunza kwa kushirikiana na watu, na kila nikisoma mmoja naona yeye ndo yuko sahihi. Sasa mwanangu anasema "sinataka", "sinaenda", na hapa nyumbani hakuna mtu anaongea hivyo. Kinachonishangaza zaidi, zamani alikuwa anasema "sitaki" vizuri tu! Nishike nadharia ipi? Na je nimsahihishe? Halafu bibi yake anasema tunamchanganya mtoto maana baba yake anaongea naye lugha nyingine.

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa masomo. Hiyo "sinataka" ni data safi kabisa, watu wa isimu wanakaa na vinasa sauti miezi na miezi wakiwinda kitu kama hicho, kwa hiyo tuanzie hapohapo, hao wazee wa nadharia watakuja wenyewe.

Angalia alichofanya. Kila siku anasikia nitaenda na sitaenda, nitalala na sitalala, yaani unatoa ni- unaweka si-, vingine vyote vinabaki palepale. Sasa kama nitaenda inakuwa sitaenda, ninaenda itakuwaje? Sinaenda! Kimantiki hajakosea hata kidogo, wenye mambo ya ajabu ni sisi watu wazima, maana tukikanusha wakati uliopo tunaitupa ile -na- na tunageuza mpaka irabu ya mwisho, taka inakuwa taki, lala inakuwa lali. Na ile "sitaki" ya mwanzo alikuwa kaikariri nzimanzima, hajui kama ndani yake kuna vipande. Alipokuja kuvigundua vipande akaanza kuvipanga mwenyewe. Unaona kama karudi nyuma, kumbe kapiga hatua, na "sitaki" itarudi yenyewe baadaye ila safari hiyo akiwa anajua imejengwaje.

Hapo Skinner anapata shida. Kwenye kitabu chake cha 1957 alieleza lugha kama tabia nyingine yoyote, mtoto anatoa sauti, mazingira yanampa tuzo, tabia inakomaa. Mwaka 1959 Chomsky akaandika uhakiki mkali sana wa kitabu hicho, na hoja moja nzito ni hiyohiyo ya nyumbani kwako, kwamba binadamu anatoa sentensi mpya ambazo hajawahi kuzisikia. Mwanao kamuiga nani? Nani alimsifia kwa "sinaenda"? Hakuna. Hii haimaanishi kuiga hakuna kazi, matamshi, msamiati, salamu, hivyo vyote anaokota kwa watu, ila sarufi haiokotwi hivyo.

Sasa wanafunzi wengi wakifika hapa wanaandika "kwa hiyo Chomsky ameshinda" na ndo wanapopoteza maksi. Polepole. "Sinataka" inathibitisha mtoto anatunga kanuni. Haithibitishi kwamba alizaliwa na kanuni. Hayo ni madai mawili tofauti kabisa! Mwaka 1986 wanasaikolojia Rumelhart na McClelland walitengeneza programu ya kompyuta isiyo na sarufi yoyote ndani yake, wakailisha vitenzi vya Kiingereza, na yenyewe ikaanza kufanya makosa ya kupitiliza kanuni, yaani kuitumia hata pasipohusika, kama wanavyofanya watoto. Ilikosolewa sana, na kwa haki, lakini ilitosha kuonyesha kwamba kosa la aina hii peke yake halimalizi kesi.

Na kuna mtego mwingine kwenye data yako ambao mtu mkali atakuuliza: si inawezekana mtoto kachukua "sina" ya "sina kitu" akaibandika kwenye kitenzi? Inawezekana, na kusikiliza tu hakutakusaidia, kwa sababu hata akisema "hanaenda" bado kuna "hana". Kwa hiyo fanya kama alivyofanya mtafiti wa lugha ya watoto Jean Berko mwaka 1958, yeye aliwapa watoto maneno ya kubuni ili ajue wanajua kanuni au wamekariri. Chukua midoli miwili, buni kitenzi, tuseme kugefa, kwamba ni kuruka huku unajizungusha. Mrushe mmoja, sema "huyu anagefa". Mwingine mlaze, sema "huyu mwingine yeye ha..." na unyamaze umsubiri. Akikujibu "hagefi" basi kanuni ya watu wazima anayo kichwani, maana neno hilo hajalisikia popote duniani. Akikujibu "hanagefa" bado yuko na ya kwake. Akikimbia na mdoli, jaribu kesho. Rudia baada ya miezi michache na uandike tarehe, hiyo ni mradi wa chuo tayari.

Turudi kwa Chomsky. Hasemi mtoto anazaliwa anajua Kiswahili au Kichina, anasema anazaliwa na maandalizi ya pekee kwa ajili ya lugha, kwa sababu anachosikia ni kichache na kimekatikakatika ukilinganisha na anachokuja kukijua. Ushahidi unaonigusa mimi zaidi upande huu haumo hata kwenye vitabu vyake vya mwanzo, ni wa Nikaragua. Kuanzia 1977 watoto viziwi waliokuwa wametawanyika majumbani, kila mmoja na ishara zake za familia, walianza kukusanywa shuleni Managua. Walimu walikuwa wanafundisha kusoma midomo na Kihispania, haikuenda, lakini uwanjani na kwenye basi watoto wakaanza kutengeneza ishara zao, na wale wadogo waliokuja nyuma wakaifanya lugha kamili yenye sarufi, kuliko hata ya wakubwa waliowatangulia. Huwezi kusema sarufi hiyo waliiiga, hapakuwa na mwenye nayo wa kumuiga.

Upande wa pili nao una nguvu zake. Mwaka 1996 watafiti Saffran, Aslin na Newport waliwachezea watoto wa miezi minane mkondo wa silabi zisizo na maana kwa dakika mbili tu, bila kituo, na watoto wakaweza kutofautisha silabi zinazofuatana mara kwa mara na zile zilizokutana kwa bahati. Yaani wanapiga hesabu za takwimu kabla hata ya kutembea! Kwa hiyo huyo mtoto "anayesikia kidogo" anakamua mengi kwenye hicho kidogo. Mwanasaikolojia Tomasello anaenda mbali zaidi, kwake mtoto anaanza na vifungu vya kushikilia, "nataka hii", "nataka ile", anavilegeza taratibu, na kinachoendesha yote ni uwezo wa kusoma nia ya mtu, kuangalia unachoangalia wewe. Hapo ndo Vygotsky na Bruner wanapoingia, na kuna jaribio la mtafiti Kuhl na wenzake la 2003 ninalolipenda: watoto wa miezi tisa wa Marekani waliochezewa na mtu anayeongea Kimandarini walizishika sauti zake, waliooneshwa watu haohao kwenye televisheni hawakushika kitu. Sauti ni zilezile, kilichokosekana ni mtu.

Mimi nimeegemea wapi? Naona ubongo wa mtoto umeandaliwa, ila siamini umeandaliwa kwa undani kama Chomsky wa miaka ya 60 na 80 alivyotaka. Kwenye mtihani usichague timu, sema kila nadharia inaeleza nini na inakwama wapi, na utumie "sinataka" kama mfano, mtahiniwa mwingine hatakuwa nayo.

Kumsahihisha: usihangaike. Watafiti Brown na Hanlon walichunguza mwaka 1970 wakaona wazazi hawasifii wala kukataa kwa ajili ya sarufi, wanajali kama mtoto kasema kweli. Na ukilazimisha utachoka bure. Martin Braine, mwanasaikolojia, alijaribu kwa binti yake, akamtamkisha neno moja moja, mtoto akarudia yote vizuri kabisa, afu akaomba tena kijiko kwa sentensi yake ileile mbovu. Kinachofaa ni kumrudishia maongezi kwa umbo sahihi, "kumbe hutaki kulala? basi hata mimi sitaki". Hiyo "hata mimi" usiiache, kwa sababu ukimjibu "hutaki" peke yake, "sitaki" anayoihitaji hajaisikia.

Na bibi mwambie kwa heshima kwamba lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Atachanganya maneno kwenye sentensi moja, hilo ni kawaida, hata sisi wakubwa wa lugha mbili tunafanya, na ukihesabu msamiati wake hesabu wa lugha zote mbili. Baba aendelee na lugha yake. Mtoto wa miaka miwili ambaye bado haunganishi maneno mawili, au umri wowote haitiki ukimwita kwa nyuma, huyo ningesema apimwe masikio kwanza kabla ya kumtafutia nadharia, iwe nyumba ya lugha moja au tatu.