Barua kwa mwanangu: Tezi ilitoka, kingamwili zikabaki

Arua

Mwanangu Zuhura,

Huku hatujambo, mvua imeanza na dada yako ameshapanda maharage. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kwenye kliniki ya wajawazito walikuuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa tezi ya shingo, ukawaambia mama alikatwa rovu mwaka 1992. Sasa unaniuliza: ikiwa tezi ilitolewa miaka minne kabla hujazaliwa, ugonjwa ulikufikiaje tumboni? Na mbona macho yangu yalianza kutokeza baada ya upasuaji?

Hata mimi swali hilo liliwahi kuninyima usingizi, wewe ukiwa mchanga mkononi.

Ulikuwa unanyonya bila kushiba, na bado unakonda. Nikikulaza kifuani nilisikia moyo wako ukienda mbio kama wa kifaranga. Bibi yako alisema umepatwa na jicho. Kwenye kituo kimoja cha afya waliniambia maziwa yangu mepesi, nami nikaamini, nikalia wiki nzima. Mwishowe baba yako akauza mbuzi wawili, tukapanda basi la Kampala. Daktari wa watoto alihesabu mapigo yako, yakapita 200 kwa dakika. Kisha akaacha kukutazama wewe, akanitazama mimi: kovu la shingoni, halafu macho. Akaniuliza kama niliwahi kuugua Graves, ugonjwa unaoifanya tezi ya shingo itoe homoni kupita kiasi. Wewe ulikuwa mapajani pangu unalia, naye alikuwa ameshaelewa.

Alichonieleza nimekifundisha darasani miaka yote, maana sikutaka mama mwingine aambiwe maziwa yake mabaya. Tezi ya shingo haijiamulii kazi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma homoni iitwayo TSH, nayo hushika kwenye vipokezi vya tezi ya shingo na kuiamuru itoe thairoksini, homoni inayouendesha mwili; ikizidi, moyo huenda mbio na mtu hukonda. Ikitosha, amri hupunguzwa. Katika Graves, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na magonjwa, zinazoshika vipokezi vilevile na kutoa amri ileile, ila hizi hazisikii la kutosha. Mwaka 1956 Adams na Purves, huko Dunedin nchini New Zealand, waliona kuwa damu ya wagonjwa wa aina hii iliichochea tezi ya simbilisi kwa muda mrefu kuliko TSH yenyewe. Hapo ndipo watu walipoanza kuelewa kwamba tezi inasukumwa na kitu kilichomo kwenye damu.

Na kingamwili, mwanangu, hazitengenezwi shingoni. Hutoka kwenye chembe za kinga zilizo katika mitoki, wengu na uboho. Daktari wa upasuaji aliondoa kiungo kilichokuwa kinapigwa. Aliyekuwa anapiga akabaki. Kwa wengi kingamwili hupungua polepole baada ya upasuaji, lakini kwa wengine hukaa miaka mingi. Mimi nilikuwa mmoja wao, nikimeza kidonge changu cha thairoksini kila asubuhi, nikidhani nimepona.

Macho ni hivyo hivyo. Nyuma ya jicho kuna mafuta na chembe za nyuzinyuzi zenye vipokezi vya TSH pia. Kingamwili zikizichokoza, chembe hizo huvimba, hujaa maji na mafuta, na kwa kuwa tundu la jicho ni mfupa usiotanuka, jicho husukumwa mbele. Wengine huvimba hata ngozi ya miundi. Sigara huzidisha ugonjwa wa macho, ndiyo maana nilimsumbua sana mjomba wako, naye ana Graves, mpaka akaacha.

Kwako kingamwili zilipita kwenye kondo la nyuma. Ndiyo njia ileile ambayo mama humpa mwanawe kinga dhidi ya surua. Mwili hauchagui kingamwili nzuri na mbaya. Tezi yangu haikuwepo, basi zikaikuta yako. Ulipewa dawa ya kutuliza moyo na ya kupunguza homoni. Lakini kingamwili zenyewe mwili wako haukuwa unazitengeneza. Nilizokupa zilipungua karibu nusu kila wiki tatu, na ulipofika miezi minne dawa zote zikaachwa. Ukanenepa mpaka majirani wakakuita Kiboko.

Kwa hiyo usiogope: kingamwili zangu zimeshaisha mwilini mwako, hazitamfikia mjukuu wangu. Unachoweza kurithi ni wepesi wa kuupata ugonjwa wenyewe. Mwombe daktari akupime TSH. Akikukuta na Graves, basi mkumbushe kupima kingamwili mapema, kabla mimba haijapita wiki 20, hata kama homoni zako ziko sawa. Kwangu mimi homoni zilikuwa sawa.

Kadi yako ya kliniki ya utotoni bado ninayo, ile yenye mstari wa uzito ulioshuka kisha ukapanda. Nimeifunga kwenye nailoni, nitampa kondakta wa basi la Alhamisi usiku. Ipokee kituoni asubuhi, umpelekee daktari wako aione.

Mama yako